Kijana amepuliza vibaya: umwambie nini, lini na wapi

SWALI: Mtaalamu, jambo. Mimi ni mwamuzi wa mpira wa miguu wa siku nyingi hapa Katuba, Lubumbashi. Mwaka huu nimekabidhiwa vijana sita waliotoka kwenye mafunzo ya uamuzi, niwafuate kila Jumamosi kwenye mechi za watoto na za vijana. Mechi ikiisha ninamwambia kila mmoja makosa yake yote bila kuficha, kama nilivyoambiwa mimi. Wawili wameacha. Mmoja ananiitikia "ndiyo, papa" kwa kila neno, halafu Jumamosi inayofuata anarudia yaleyale. Nikinyamaza kazi sijafanya, nikisema wanakimbia. Nifanye nini?

JIBU: Papa, tuanze na huyo wa "ndiyo, papa", maana wewe unadhani amekubali na kumbe hajashika kitu. Kijana aliyetoka kukimbia zaidi ya saa moja juani, huku watu wa pembeni wakimpigia kelele za "arbitre mwizi", yaani mwamuzi mwizi, hawezi kubeba makosa kumi na mawili kichwani. Anachobeba ni ukali wa sauti yako. Na kwetu mdogo habishani na mkubwa: anaitikia ili maneno yaishe apate kwenda nyumbani. Basi "ndiyo" yake usiihesabu. Hesabu kile anachoweza kukuonyesha kwa miguu yake, na namna ya kukipata nitaieleza hapa chini.

Kitu cha kubadilisha kwanza ni daftari lako. Inaelekea unaandika maamuzi: penalti iliyokosekana, faulo iliyoachwa, kadi isiyotoka. Ukimsomea orodha hiyo anasikia kwamba hafai, na hata akitaka kujirekebisha hajui aanzie wapi, kwa sababu penalti ileile haitarudi Jumamosi ijayo. Kitakachorudi ni mazoea yaliyoileta. Kazi yako ni kuyapata hayo mazoea.

Kila tukio liandike kwa vitu vinne: dakika, kilichotokea, mwamuzi alikuwa amesimama wapi, na alifanya nini kwa filimbi na mkono. Chora mstatili mdogo wa kiwanja, weka nukta ilipokuwa faulo na alama ya X alipokuwa kijana. Wewe mwenyewe kaa usawa wa mstari wa katikati, upande usio na mabenchi ya timu, mbali na makocha, na ukipata mahali palipoinuka panda. Sehemu kubwa ya muda mtazame mwamuzi, mpira uuache. Ni vigumu kuliko inavyosikika: macho ya mtu aliyepuliza filimbi miaka mingi yanaufuata mpira yenyewe, na mechi inaisha akiwa ameichezesha kichwani mwake badala ya kumtazama kijana.

Tuseme mwisho wa mechi daftari lako lina makosa matano. Weka zile X tano pamoja. Mara nyingi utakuta tatu au nne zina sababu moja. Kwa mfano, zote zimetokea baada ya kipa kupiga mpira mrefu: kijana alibaki karibu na boksi akimtazama kipa anavyopiga, mpira ukamruka, akaanza kuufuata kwa nyuma, na wachezaji walipogongana kule mbele yeye alikuwa mita 35 nyuma yao. Hapo huna tena makosa matano ya kumwambia. Una neno moja: "Kipa akishika mpira, wewe ondoka. Kimbia kuelekea pale mpira utakapoangukia, ukigeuza kichwa kumwangalia kipa nyuma." Hilo analiweza Jumamosi ijayo, na wewe unaweza kuhesabu mara ngapi amelifanya.

Lakini si kila kosa ni la miguu. Kabla ya kufungua mdomo, jiulize kosa hili ni la aina gani, kwa sababu dawa zake hazifanani.

La kwanza ni la sheria: hakujua. Ametoa kuotea (offside) kwenye mpira uliorushwa kwa mikono, au amekubali goli lililoingia moja kwa moja kutoka kwenye mrusho bila kuguswa na mtu. Hapa usimzungushe kwa maswali. Mwambie wazi: kwenye mrusho, goli kiki na kona, mchezaji anayeupokea mpira moja kwa moja hahesabiwi kuotea. Mfungulie kitabu cha sheria asome mwenyewe, basi. Ila hakikisha kitabu ni cha msimu huu. Sisi wakubwa tuna sheria za zamani zilizoganda kichwani, na tunaweza kumkosoa kijana aliyepuliza sawasawa. Mpira wa kuanzia unaruhusiwa kupigwa nyuma tangu 2016. Tangu 2019 mpira wa goli kiki unakuwa mchezoni mara tu unapopigwa na kusogea, haungoji kutoka kwenye boksi. Na kuanzia msimu wa 2025/26, kipa akishika mpira kwa mikono zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona, huku mwamuzi akihesabu sekunde 5 za mwisho kwa mkono ulioinuliwa. Zile sekunde 6 na pigo huru lisilo la moja kwa moja zimekwisha. Kama hili la mwisho lilikuwa halijakufikia, vijana wako huenda wanalijua.

La pili ni la kuona: alijua sheria, ila hakuwa mahali pa kuona. Kwa mwanzilishi, hili ndilo utakalolikuta zaidi.

La tatu ni la ujasiri. Aliona, alijua, filimbi ikabaki mkononi kwa sababu kocha mwenyeji alikuwa amesimama mita tano kutoka kwake. Ukilichukua kosa la ujasiri ukalifundisha kama kosa la sheria, unamtukana bila kujua: anaijua sheria kuliko unavyodhani, na sasa umemwongezea aibu juu ya woga.

Utajuaje ni la aina gani? Muulize. Na muulize kabla hujasema lako, maana ukitangulia wewe, yeye atarudia maneno yako. Mazungumzo yenyewe yanaweza kwenda hivi:

— Dakika ya 31, namba 9 alianguka ndani ya boksi. Uliona nini?
— Niliona ameanguka tu, papa.
— Ulikuwa umesimama wapi?
— Kwa nyuma. Karibu na duara la katikati.
— Kati yako na mpira alikuwepo nani?
— Beki. Niliona mgongo wake.
— Ungesimama wapi ungeuona mguu wake?
— (anafikiri) Kushoto zaidi. Na mbele.
— Twende unionyeshe.

Mnarudi wawili kiwanjani. Wewe unasimama pale alipokuwa beki, yeye anasogea hatua kwa hatua mpaka auone mguu wako. Akifika, mwambie abaki hapo, ageuke, aangalie umbali kutoka pale alipokuwa. Dakika mbili tu. Huyu hatakuitikia "ndiyo, papa" ya bure, kwa sababu hujamuomba akubali chochote. Umemuomba asimame mahali.

Angalia pia kwamba katika maneno yote hayo hakuna aliyesema kama ilikuwa penalti au haikuwa. Acha hivyo. Wewe ulikuwa pembeni, mita 40, na huna ushahidi kuliko yeye. Mkianza kubishana juu ya tukio lenyewe, kijana anatafuta kujitetea na wewe unatafuta kushinda, na suala la mahali pa kusimama linapotea.

Kuhusu mahali pa kusimama, mpe mambo machache ya kushika. Mwamuzi mwenye wasaidizi wawili hukimbia mshazari, kutoka karibu na kona moja kuelekea kona ya mkabala, ili mchezo ubaki kati yake na msaidizi wa upande ule. Umbali wa mita 10 hadi 15 kutoka kwenye mpira unatosha, ila pembe ya kuangalia inashinda ukaribu: mita 12 kwa ubavuni utaona nafasi kati ya miguu miwili, mita 5 nyuma ya mgongo wa beki hutaona kitu. Mpime kijana kwa hilo. Hesabu, kwa kipindi kimoja, ni faulo ngapi alipuliza akiwa mbali zaidi ya mita 20. Usimwambie "kimbia zaidi". Kuna wanaokimbia sana na kufika mahali pabaya.

Na uwe wa haki. Kwenye mechi nyingi za mitaa wasaidizi ni watu wa timu waliopewa vibendera ili waonyeshe mpira uliotoka tu. Mwamuzi aliye peke yake katikati hawezi kuamua kuotea kwa uhakika kila mara, hata awe na uzoefu kama wako. Usimwandikie kosa kwa hilo. Vilevile kiangazi, vumbi jekundu hufuta chokaa, na ikifika nusu ya pili mstari wa boksi haupo. Kosa la kijana haliko kwenye kutoona mstari usiokuwepo. Liko kabla ya mechi, kama hakuzunguka kiwanja na kukubaliana na makapteni wawili alama ipi ni mwisho wa boksi. Hilo mwambie, maana ni la kufanyika.

Sasa, lini na wapi. Wakati wa mchezo usimpigie kelele wala usimpe ishara kutoka pembeni, hata ukiumia moyoni. Akianza kukutazama wewe kabla ya kupuliza, wachezaji wataona, na kuanzia hapo mechi ina waamuzi wawili. Mapumziko, neno moja, na liwe la usalama au la kuishika mechi: "Namba 4 na namba 10 wanatafutana, kaa karibu nao." Mengine yasubiri. Baada ya mechi muache anywe maji, amalize ripoti, avue filimbi shingoni. Robo saa hivi. Halafu mtoke pembeni, makocha wasisikie, mzungumze dakika kumi: jambo moja la kuendelea nalo, jambo moja la kubadilisha, mawili yakizidi sana. Mengine yabaki daftarini mwako. Kama mechi iliharibika, watu wameingia kiwanjani au kijana amelia, siku ile muulize tu kama yuko salama na umsindikize mpaka kwenye taksi-basi. Mazungumzo yawe kesho au keshokutwa.

Kama vijana wawili au watatu wamechezesha pamoja, waache wazungumze wao kwa wao kwanza, mkubwa awe wa mwisho. Ukitangulia wewe, hakuna atakayesema tofauti.

Sifa nazo ziwe na dakika yake. "Umefanya vizuri" haimsaidii mtu kitu. "Dakika ya 12 namba 7 alisukumwa, ukasubiri sekunde mbili, akabaki na mpira, akapiga golini" inamwambia hasa arudie nini. Na uiache sifa isimame peke yake. Ukiifungia kwa "lakini", kijana anajifunza kwamba kila ukimsifu kuna fimbo inakuja, na mwishowe hata sifa hazisikii.

Filimbi ina mengi ya kusema juu ya woga. Mwanzilishi mwenye shaka hupuliza kidogo, sauti ya kuomba ruhusa, halafu anachelewa kuonyesha mkono. Katika ile nafasi ndipo wachezaji wanamzunguka. Usimwambie "usiogope", hakuna anayeacha kuogopa kwa kuambiwa. Mpe mpangilio: puliza kwa nguvu, onyesha upande papo hapo, kisha ondoka, hatua tano kuelekea pale utakaposimama kwa pigo linalofuata. Mwamuzi anayetembea hazungukwi kirahisi. Kabla ya mechi waambie makapteni kwamba kapteni peke yake ndiye atakayekuja kuuliza; kitabu cha sheria cha sasa kina mwongozo huo, na kijana ana haki ya kuutegemea kama mashindano yenu yanautumia. Katikati ya juma muweke upande mmoja wa kiwanja, wewe upande wa pili, apulize mara kumi: fupi kwa faulo ndogo, ndefu na kali kwa penalti au rafu mbaya. Wewe inua mkono pale tu unapotofautisha. Na filimbi ikae mkononi, isikae mdomoni wakati wote. Ule muda wa kuipandisha mdomoni ndio unaompa nafasi ya kuona kama kuna faida ya kuachia mchezo. Faida isipopatikana ndani ya sekunde chache, sheria inamruhusu kurudi kwenye faulo ya kwanza, na wanaoanza wengi wanasahau hilo, wanadhani wakishanyoosha mikono mbele, ile ishara ya faida, basi imekwisha.

Kwenye kadi, badala ya "ungetoa njano pale", mpe maswali ya sheria ya 12, ile ya faulo na utovu wa nidhamu: mchezaji alifanya uzembe tu? Hakujali hatari kwa mwenzake? Au alitumia nguvu kupita kiasi? Uzembe ni faulo bila kadi, kutojali ni njano, nguvu kupita kiasi ni nyekundu. Akijibu swali hilo mwenyewe, kadi inajitaja. Kisha mfundishe utaratibu wa mikono: mtenge mchezaji, andika namba, timu na dakika, ndipo uonyeshe kadi. Kama mambo ni moto, onyesha kwanza lakini andika kabla mpira haujapigwa. Anayedhani hili ni jambo la watoto umkumbushe Graham Poll, mwamuzi wa Uingereza, Kombe la Dunia 2006, Kroatia na Australia. Alimpa Josip Šimunić wa Kroatia kadi tatu za njano ndipo akamtoa. Kadi moja ya namba 3 wa Kroatia aliiandika kwa namba 3 wa Australia. Mtu wa kiwango kile hakukosa akili wala sheria. Kilichoteleza ni kalamu. Mwanzilishi akisikia hivyo analichukua daftari lake kwa uzito bila wewe kumgombeza.

Video ya simu inasaidia, kwa masharti. Ipigwe kutoka juu kidogo na kwa upana, kijana aonekane pamoja na mchezo, vipande vya nusu dakika. Mwonyeshe kwanza bila maelezo, muulize anaona nini. Na mkumbushe, hata ujikumbushe, kwamba kamera ilikuwa mahali pengine. Kuona kwa kamera hakumaanishi yeye angeweza kuona. Kipande hicho kisiende kwenye kundi la WhatsApp la waamuzi, sembuse la timu. Ukitaka kumwambia kitu kwa simu, mtumie ujumbe wa sauti, yeye peke yake. Na kocha akikufuata baada ya mechi, "wewe mkubwa, sema, ile haikuwa penalti?", jibu lako liwe moja kila siku: "Mwamuzi wa mechi ameamua." Hata kama unakubaliana na kocha. Vijana wakikusikia umewauza mara moja tu, dakika zako kumi za ushauri hazina tena msikilizaji.

Kama kati ya sita wamo wasichana, wapime kwa daftari lilelile. Maneno ya mavazi, ya sauti nyororo, au "umejitahidi kwa mwanamke" si ushauri. Salima Mukansanga wa Rwanda jirani alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati katika Kombe la Afrika la wanaume, Januari 2022, na huko hakuna filimbi ya wanawake na filimbi ya wanaume.

Yapo machache yasiyongoja upole wote huu. Mtoto amegongwa kichwani na mchezo unaendelea: hapo piga kelele, mechi isimame, ni afya ya mtu. Mwamuzi ametukana mchezaji au kabila lake: siku ileile, uso kwa uso, wazi. Na pesa ya transport ikitoka mkononi mwa kocha wa timu moja, hilo halina mazungumzo ya "uliona nini". Mwambie airudishe na uwajulishe waliokukabidhi kazi.

Hao wawili walioacha, wafuate nyumbani, usiwatumie mtu. Usianze na makosa yao wala na kujieleza sana. Mwambie kila mmoja kitu kimoja alichokifanya vizuri, na dakika yake kama unaikumbuka, halafu umuombe ashike kibendera mechi mbili za watoto wa chini ya miaka 13, wewe ukiwa mwamuzi wa kati. Pale pembeni ana kazi ndogo ya kuangalia na anakuona unavyosogea. Baada ya mechi yageuze mambo: mpe daftari, akuandikie wewe X zako, na mwisho umuulize wewe ungesimama wapi.